Kompyuta Mbili Mbele ya Saraswati

Jumapili, 15 Septemba

Onam, sikukuu yetu ya mavuno, imetukuta wawili tu, Dada Devayani na mimi, katika nyumba ile ile tulimozaliwa. Tumepanga maua uani, tumekula wali na mboga kumi na kitu juu ya jani la mgomba, kisha tumelala mchana kama chatu waliomeza mbuzi. Sreejith, mwanawe Dada, hakupata likizo huko Pune. Ametupigia kwa kompyuta, sura yake ikaja vipande vipande.

"Mama, macho yanaendeleaje?"

"Yapo kichwani," Dada akamjibu.

Dada ana presha ya macho. Dawa ya matone anatia asubuhi na jioni, na daktari alishatuambia kwamba dawa inazuia tu, hairudishi kilichokwenda.

"Nisikilize basi," akasema mtoto. "Nakuachia ukae huko na mama mdogo kwa sharti letu lile lile. Kila Jumapili nikuone, na wewe unione. Jumapili nitakayojua kwamba huoni, nakuja kukuchukua uje ukae na mimi. Siku hiyo tusibishane."

"Njoo na kamba," Dada akasema, "maana kwa miguu yangu sitoki."

Tulicheka. Baadaye nilikwenda kisimani nikakaa peke yangu. Nyumba ya Pune ina kitanda kimoja cha ziada, si viwili. Dada akiondoka, mimi nabaki na paka.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua nyembamba kutwa. Nimepika uji wa mchele. Dada kasema chumvi haipo, nami nikasema ulimi ndio haupo.

Jumapili, 22 Septemba

Kompyuta yetu imezeeka. Betri ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu, na msimu wa radi za alasiri umekaribia. Hapa kwetu wingu jeusi likichungulia upande wa mto, kila mwenye akili anachomoa waya wa kila kitu. Nami mwaka juzi nilichelewa, redio ikalipuka mikononi mwangu.

Leo Sreejith aliganda katikati ya neno, mdomo wazi. Dada akaendelea kumsimulia habari za fenesi lililoanguka kwa jirani. Nikamgusa bega. "Dada, ameganda huyo."

"Najua. Nasubiri ayeyuke."

Alipoyeyuka akasema, "Mama mdogo, chonde, nunueni nyingine. Hii siiamini tena."

Ijumaa, 27 Septemba

Tumekwenda mjini Ottapalam, dukani kwa Unni. Unni alifundishwa na Dada darasa la kwanza. Sasa ana kitambi na duka la kompyuta, lakini akimwona Dada bado anasimama wima, mikono nyuma.

"Mwalimu, karibu. Mama Ambika, karibu. Mnataka ya kazi gani?"

"Ya kila siku," nikasema. "Kulipia umeme, kusoma gazeti, kusikiliza nyimbo za zamani, na Jumapili kuongea na mtoto."

"Ya bei gani?"

"Ya wajane."

Akacheka, akatoa laptopu mbili. Zote za ukubwa wa kati: huchoki kuibeba kutoka chumbani hadi barazani, wala hukodoi macho kusoma. Bei zao zinakaribiana sana, bei haikusaidii kuchagua. Moja buluu, moja kijivu.

Ya buluu ina kioo cha ajabu. "Mwalimu, mtazame mdiria huyu," Unni akasema, nami nikaona hadi matone ya maji kwenye bawa la ndege. Lakini spika zake zinalia kama nyigu ndani ya kopo, na Unni mwenyewe alikiri kwamba ukiiwasha asubuhi bila waya haifiki adhuhuri.

Ya kijivu inamaliza siku nzima bila waya. Na sauti yake! Unni aliweka wimbo wa zamani, wa enzi ya redio, na nikamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza mstari. Tatizo ni kioo. Rangi zake zimepauka kama shuka iliyofuliwa mara nyingi.

"Ya buluu," Dada akasema bila kusita. "Rangi gani hizo! Mdiria yule nusura aruke."

"Mwalimu ana jicho," Unni akasema.

"Na radi zikianza tukachomoa waya, betri ikafa katikati ya maneno?" nikauliza.

"Ambika, mimi nataka kumwona mwanangu. Sauti yake naijua tangu yumo tumboni."

Ungelikuwa wewe ungejibu nini? Tukarudi mikono mitupu, njia nzima tunatazama mashamba ya mpunga, kila mtu upande wake.

Jumanne, 1 Oktoba

Kijivu. Betri. Nimemwambia mara tatu kabla ya chai.

Alhamisi, 3 Oktoba

Buluu, anasema. Sasa hatusemeshani ila kuhusu chumvi.

Jumapili, 6 Oktoba

Radi imeanza mapema mwaka huu. Ilikuwa alasiri, Sreejith ndiyo kwanza amesema "Mama," mbingu ikapasuka juu ya minazi. Nikakimbilia waya, nikachomoa, kompyuta ikazima. Mvua ilipopita nikachomeka, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, basi. Imekufa. Nimeiinamia kama anayemlilia jamaa, Dada akaniuliza kama nitaitafutia sanda.

Sreejith akapiga kwenye kisimu changu cha vitufe. Nilishika mimi.

"Mama mdogo, leo sikumwona. Jumapili ijayo nisipomwona nakata tiketi. Nahisi mnanificha kitu."

"Tukufiche nini sisi? Uji?"

Hakucheka. Nimeogopa kweli.

Jumanne, 8 Oktoba

Mchana nilisinzia kwenye kitanda cha bembea barazani, mvua ikinyesha taratibu kwenye vigae. Nikaota nyumba imejaa maji hadi magotini, maji matulivu na ya uvuguvugu, na kompyuta zinaelea humo kama majani ya yungiyungi. Katika moja nilimwona Sreejith, mdogo, hana meno ya mbele, anazungumza nami wala simsikii. Katika nyingine nikamsikia anaimba, ila kioo kilikuwa ukungu mtupu. Nikawa navuka kutoka moja hadi nyingine na maji hayaishi. Dada alipita kati yangu na mlango, anatembea polepole, kiganja chake kinateleza ukutani.

Nilipofumbua macho, Dada alikuwa kweli anapita barazani, kiganja ukutani, anagusa nguzo moja baada ya nyingine. Nikadhani bado naota, nikayafumba tena.

Jumatano, 9 Oktoba

Unni amekuja mwenyewe kwa pikipiki, laptopu zote mbili zimefungwa ndani ya koti lake la mvua, yeye ameloa chapachapa.

"Kesho jioni naweka vifaa vyote vya duka mbele ya Saraswati, mungu wetu wa elimu," akasema. "Mpaka Jumapili asubuhi siuzi hata waya. Kaeni na zote mbili mzijaribu kwa raha zenu. Sikukuu ikiisha mnirudishie moja."

"Na kama tukizozana mpaka Krismasi?" nikamuuliza.

"Basi nitakuja kusuluhisha kwa fimbo ya Mwalimu. Naikumbuka hadi leo."

Alhamisi, 10 Oktoba

Naandika mbio mbio. Nilikwenda sokoni kununua ndizi na pepeta za sadaka, sikukaa hata saa moja. Narudi nakuta Dada ameshapanga madhabahu: kitambaa chekundu, picha ya Saraswati, vitabu vyake vya shule, mkasi wangu wa kushonea, na juu ya vyote laptopu zote mbili, zimepakwa liwa na unga mwekundu, zimevishwa maua ya yasmini.

"Dada! Hizo si zetu! Tulitakiwa tuzijaribu!"

"Ni vyombo vya elimu, na viko ndani ya nyumba hii. Ulitaka nimnyime Mungu?"

Ebo! Kila mtu hapa anajua, hata paka: kilichokwisha kuwekwa mbele ya Saraswati jioni ya leo hakiguswi mpaka asubuhi ya Vijayadashami, siku ya mwisho ya sikukuu. Si kusoma, si kuandika, si kushona, si kufungua. Kwa hiyo siku tatu hakuna majaribio, Jumapili ni ile ya tiketi, na sijui hata kama zinawaka. Nimemwambia ni mkaidi kama punda wa dobi. Ananyoosha mkono anataka na daftari hili. Taa imeshawas

Jumapili, 13 Oktoba

Nimerudishiwa daftari langu, lina harufu ya yasmini na kafuri, na nina mengi.

Siku za kutosoma ni siku za ajabu. Mkono unatafuta kalamu, jicho linatafuta gazeti, na kila kitu kiko kule chumbani mbele ya taa, kimelala. Tulikaa barazani. Ukungu ulipanda kutoka mtoni ukakaa juu ya mashamba hadi adhuhuri. Tulikula pepeta zilizochanganywa na nazi na sukari guru, tukasinzia, tukaamka, tukaulizana leo siku gani. Hasira zangu zilikwisha bila mimi kuzifukuza.

Ijumaa jioni Sreejith alipiga kwenye kisimu changu. Nikampa Dada. Akajilaza kwenye bembea, simu sikioni, macho amefumba, akaongea naye hata chai yangu ikapoa mara mbili. Alikuwa anacheka kisichana! Jumapili nyingi mbele ya kompyuta anakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti, majibu mafupi mafupi, ndiyo, hapana, nimekula. Nikajiuliza mbona hivi, kisha usingizi ukanipitia.

Leo alfajiri tukaoga, tukafungua madhabahu. Majirani wakaleta watoto wao, kama kila mwaka, waandike herufi zao za kwanza. Dada alikaa chini na sinia la mchele mbele yake, akawapakata mmoja mmoja, akakishika kidole cha mtoto na kukipitisha ndani ya mchele, jina la Mungu kwanza. Mmoja alilia, mmoja alikula mchele. Herufi za Dada zilikuwa zile zile za ubaoni, za mviringo, hazikukosea hata mkunjo.

Watu walipoondoka nikasema, tusingoje alasiri na radi zake, tumpigie mtoto sasa hivi. "Anza na ya buluu," Dada akasema, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na moyo mwepesi, nikasema haya, iwe ya buluu, hata tuichukue kabisa, umwone mwanao. Nikaifungua. Unga mwekundu ulikuwa umeingia katikati ya vitufe. Nikaupuliza, nikapiga chafya.

Sreejith akapokea. Sauti yake ilitoka kwenye kopo la nyigu, honi nyingi nyuma yake.

"Mama mdogo, mbona naona wingu la njano?"

Nikatazama. Dada alikuwa amebandika tone la liwa juu ya jicho la kamera kabisa, tone nene, limekauka.

"Mama yako amekupaka liwa," nikasema, nikaanza kulikwangua kwa ukucha. Tulicheka wote watatu.

Kwenye kioo chetu, kile kioo cha ajabu, hapakuwa na sura ya mtu. Lilikuwepo duara jeupe na herufi ya kwanza ya jina lake. Alikuwa ndani ya basi, hakuwasha kamera yake.

Dada akakisogelea kioo, akatabasamu. "Mwanangu, hilo shati jipya? Limekukaa."

Ukucha wangu ukasimama. Nilimtazama Dada, nikalitazama duara. Nilisubiri mtoto acheke, aseme, Mama, shati gani? Hakusema. Honi zikapiga, kondakta akaita kituo kwa lugha ya kwao.

"Jipya, Mama," akasema. "Nimelinunua juzi."

"Rangi nzuri."

"Asante, Mama."

Wakaagana. Dada akaufunga mfuniko kwa uangalifu, akanyanyuka akaenda jikoni, akipita kati ya viti bila kugusa hata kimoja. Nilibaki nimekaa na liwa kwenye ukucha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nilimkabili asubuhi, anapotia dawa ya macho. Nilimwachia amalize jicho la pili.

"Dada, jana Sreejith alivaa shati la rangi gani?"

Akakifunga kichupa. Alikifunga polepole sana.

"Hakuwa amewasha kamera," nikasema. "Palikuwa na duara tu."

Akaipapasa rafu, akakirudisha kichupa mahali pake. Nje mvua ilikuwa imesita, maji yanadondoka kutoka kwenye vigae.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua za Juni. Sasa najua mlango uko wapi kwa sababu ya mwanga. Wewe ni kivuli kinachogomba."

"Na mdiria wa Unni? Rangi gani hizo?"

"Si alisema mwenyewe ni mdiria? Nikasifu. Mtu anayesifu kioo hakuna anayemuuliza kama anakiona."

"Ukashikilia tununue ya buluu! Ulimi wangu umeota sugu kwa kugombana nawe juu ya kioo usichokiona!"

"Ningechagua ya sauti mngejua," akasema. "Wewe ungejua siku ile ile. Una pua kama ya polisi."

Nililia kwa hasira. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akaniambia kifo kikija kitamkuta ameshazoea giza. Nikamwambia nyamaza. Nikamkumbatia, akanuka dawa na yasmini, na nikamwambia waziwazi kwamba naogopa, kwamba akichukuliwa Pune mimi sitajua kuamka asubuhi kwa ajili ya nani.

"Ndiyo maana nimenyamaza, mjinga wewe," akasema. "Unadhani naogopa giza? Naogopa lifti, na kitanda chao cha ziada, na wewe huku unapika uji wa mtu mmoja. Sreejith hajui. Asijue."

Sikumwambia kwamba nilisikia jinsi mtoto alivyonyamaza kabla ya kusema "jipya". Nikaenda kuwasha jiko.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeirudisha ya buluu Ottapalam. Unni aliigeuzageuza, akaona liwa kwenye kona na unga mwekundu ndani ya vitufe.

"Nisamehe," nikasema. "Dada aliziweka zote mbele ya Saraswati. Sasa utaiuzaje?"

"Iliyopakwa na Mwalimu?" Akaipangusa kwa shati lake. "Hii siuzi. Ya kwangu ya mezani ilikuwa inakufa kufa. Mwambie nimeweka picha ya mdiria."

Nilimwambia nitamwambia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ya kijivu imetuimbia kutwa bila waya. Radi ilipopiga, nilikaa tu kama malkia, mikono mapajani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Dada anasikiliza nyimbo, ananiambia ni nani anapiga ngoma na kwamba amekaa kushoto. Mimi sisikii kushoto wala kulia. Kesho ni Jumapili. Sijala vizuri.

Jumapili, 20 Oktoba

Alasiri. Mawingu yalikuwa mazito, mwanga barazani ulikuwa kijani kama chini ya maji. Nilimketisha Dada, nikamwelekeza uso kwenye kamera, nikamwambia kwa sauti ya chini, mtazame hapa, inua kidevu kidogo.

Sreejith akatokea, amepauka kidogo kwenye kioo hicho, amekaa jikoni kwake. Sauti yake iliingia barazani kama amekaa nasi kwenye mkeka. Feni yake ilisikika, na bomba linalovuja.

"Mama, umependeza leo."

Dada aliinamisha kichwa, sikio mbele, kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto wa darasa la kwanza wanaposoma na yeye anajua hawajajifunza.

"Sreejith," akasema, "umemeza mate kabla ya kusema hivyo."

Bomba likadondosha.

"Unajua," Dada akasema.

Nilimwona mtoto akifunika uso kwa mikono yote miwili. Dada hakumwona, lakini alimsikia, kwa sababu pumzi yake ilibadilika, hata mimi niliisikia.

"Tangu Agosti," akasema. "Unatazama pembeni ya kamera, Mama. Nikisogea kulia wewe hufuati. Nilikuwa nakuonyesha vitu, unasifu. Siku ya basi, ulipolisifu shati, nilishindwa hata kucheka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilijiwekea sharti bovu. Nikisema ilibidi nije kukuchukua."

"Na sasa umesema," Dada akamwambia. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Unakata tiketi?"

Radi ikapiga mbali, upande wa pili wa mto. Sikuchomoa chochote, hapakuwa na cha kuchomoa. Nilijisogeza mbele ya kamera mpaka nikamkinga Dada.

"Usimchukue," nikasema. "Nakuomba, Sreejith. Mimi mtu mzima nakuomba. Usimchukue."

"Mama mdogo, sitaki kumchukua. Hata ile tiketi nilitishia kwa hofu. Nataka nilale usiku. Nani atamtia dawa?"

"Mimi."

"Nani atamsomea gazeti?"

"Mimi. Na nitaruka matangazo ya vifo."

"Usiruke," Dada akasema nyuma yangu. "Vifo ndivyo ninavyovipenda."

"Kisimani je? Ngazi je?"

"Nitamfuata. Nina pua ya polisi, muulize."

Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Na wewe, mama mdogo? Ukiugua? Ukianguka wewe, nani atajua?"

Kusema kweli sikuwa nimeliwaza hilo hata siku moja. Dada akaniweka mkono begani, akanisogeza pembeni, akaielekea sauti ilikotoka.

"Mimi," akasema. "Namsikia mpaka anapogeuka kitandani."

Mvua ikaanza, nzito, kwenye vigae na kwenye majani ya migomba, na kupitia kompyuta ile naamini hata yeye aliisikia huko Pune, kwa maana alisogeza sikio kwenye kompyuta yake. Kisha akavuta kamasi, akaliondoa bakuli lililokuwa mbele yake.

"Haya," akasema. "Leo mmepika nini?"

Dada akaanza kumwambia.